Majina Niliyoyafuta kwa Mstari Mmoja

Moroni, Ijumaa baada ya Alasiri

Anziza wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga kina shangazi, na ninawajua, hawatakuachia kabla hawajakushindilia mikate na dua. Nina muda wa kutosha basi. Nimekaa kitandani kwa binamu yangu, sanduku lako liko wazi mbele yangu, na ninaandika nyuma ya karatasi za printa, zile zenye vitobo pembeni, kwa sababu ndizo nilizonazo. Kesho nitakutia barua hii mkononi pale uwanja wa ndege na kukuamuru usiifungue mpaka ndege iruke. Utatii, kwa kuwa ni amri nyepesi. Zile nzito hujawahi kuzitii tangu ulipoanza kutambaa.

Habari za sweta na marafiki wabaya sikuandikii. Koko wako, yaani mama yangu, alizimaliza zote kule nyumbani Mutsamudu, tena mbele ya majirani, akikushika sikio kama vile unakwenda Patsy tu, hapo jirani, kuleta ndizi. Yeye bado amekasirika. Anasema nyumba ni ya binti, vyumba viwili vya juu vimejengwa kwa ajili yako jiwe kwa jiwe, na binti haiachi nyumba yake. Mwanamume ndiye anayekwenda na kurudi. Mwache akasirike. Nyumba haina miguu.

Nina jambo linalonitia kinyaa, na ninayemwonea kinyaa ni mimi mwenyewe. Niliseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitaishia kuandika habari za sweta. Miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa kazini hapa Moroni, nilifuta majina ya mamia ya watu kwenye kompyuta ya ofisi. Nilifuta kwa makosa. Kisha mmoja wa watu hao, mwanamke anayeitwa Zalifa, akaja mbele ya meza yangu, nami nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba hakuwahi kuandikwa. Hilo halikuwa kosa. Nikanyamaza tangu siku ile, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokupa wewe ufadhili wa kwenda kusoma. Kesho ndege yako ikisharuka, Adhuhuri ikisha, nitasimama mbele ya kadhi niseme kweli, na huenda ufadhili huo ukakatwa. Sasa unajua. Yaliyobaki ni kukueleza ilikuwaje.

Unakumbuka wale waliorudi kutoka Madagascar mwaka wa sabini na saba? Wewe ulikuwa bado mdogo. Walitimuliwa Majunga kwa mapanga, wakaletwa kwa ndege na meli, wengine wakiwa na khanga moja na mtoto mgongoni. Walikuwa Wakomoro kama mimi na wewe, ila walizaliwa ng'ambo, na karatasi zao ziliungua pamoja na nyumba zao. Mwaka uliofuata wakaja mamluki, serikali ikapinduliwa, na watu hao wakasahauliwa kwenye mabanda yao. Miaka ikapita ndipo mtu mmoja mkubwa akakumbuka kwamba hawana vyeti wala mahali pa kujenga. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kuwaandika. Ambaye angeandikwa angepata cheti cha uraia na kiwanja.

Mimi nilikuwa mpiga taipu. Tukaletewa kompyuta, msaada wa Wazungu, pamoja na kijana wao wa kutufundisha kwa wiki mbili. Wanaume wote wa ofisi walifundishwa siku ya kwanza. Siku ya pili wakabaki wawili. Wiki ya pili nikabaki mimi peke yangu, kwa kuwa wao waliona kugonga vibonye ni kazi ya wanawake. Nikajifunza ile lugha ndogo ya mashine, unayoiandikia agizo na yenyewe inalitekeleza hapo hapo, mstari baada ya mstari. Utajifunza lugha kubwa zaidi huko uendako. Lakini kuhusu mafaili hakuna jipya watakalokuambia: unafungua, unasoma au unaandika, unafunga. Basi. Mtoto anaelewa. Mimi nilielewa pia, ndilo linaloniudhi.

Nilipenda kazi ile, Anziza, nisikudanganye. Tulikuwa tunawapokea watu asubuhi, mmoja mmoja, tunaandika maelezo yao kwa kalamu kwenye karatasi, na mchana mimi naingiza kwenye faili. Bwana Mkuu wetu, yaani msimamizi wa ofisi, alitaka jina, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa. Nikamwuliza, na nyumba ya mama? Akasema mashine haina nafasi ya hadithi za wanawake. Sasa wewe niambie, Mkomoro utamjuaje kama hujui ametoka nyumba gani ya mama? Baba mtu yeyote anaweza kumtaja. Nikaiongeza nafasi hiyo mwenyewe bila kumwambia, na hakugundua, kwa kuwa hakuwahi kusoma faili lenyewe hata siku moja.

Zalifa alikuja katika siku za mwanzo. Mwanamke mwembamba, umri wake kama wa dada yangu mkubwa. Alisimama mlangoni akasema, "Kwezi, Bweni," yaani shikamoo, Bibi, salamu ya heshima anayopewa mtu mkubwa, ingawa mkubwa ni yeye. Nikamwuliza ana ushahidi gani. Akasema hana. Nikamwuliza nyumba ya mama yake. Akafumba macho, akaanza: mama yake, mama wa mama yake, mama wa huyo, akipanda juu mpaka mama wa saba, na nyumba aliyotoka huyo wa saba, hapa hapa Itsandra, karibu na ule ukuta wa kale uliobomoka. Alikuwa hajawahi kukanyaga Itsandra mpaka siku aliyoshushwa kwenye ndege. Mama yake alimkaririsha majina hayo Majunga, kila Ijumaa, wakati wa kumsuka nywele. Nikatuma mtu kuuliza. Nyumba ilikuwapo, na vikongwe wa pale walikuwa na majina yale yale. Mtu huyo aliporudi na habari hiyo nikayaandika yote saba, ingawa nafasi niliyotenga ilikuwa ya moja tu.

Sasa nikueleze makosa, nawe utayaelewa kuliko mtu yeyote wa nyumbani.

Faili lina milango mitatu. Unaweza kulifungua kwa kusoma, na hapo huwezi kuliharibu hata ukitaka. Unaweza kulifungua kwa kuongeza, na unachoandika kinakaa chini ya mstari wa mwisho, yaliyopo hayaguswi. Na unaweza kulifungua kwa kuandika upya. Huu wa tatu ndio unaotumia siku ya kwanza, wakati faili halipo bado. Ukiutumia siku nyingine yoyote, mashine inachukulia kwamba unataka kuanza mwanzo. Inafuta kila kitu kwanza, halafu inakungoja uandike. Haiulizi una hakika. Inafuta wakati wa kufungua, kabla hujaandika hata herufi. Tofauti ya milango hiyo ni alama moja katika mstari mmoja wa programu.

Nilikuwa na programu mbili, moja ya kuanzisha faili na nyingine ya kuongeza. Nilizitenga vizuri. Nilikuwa na adabu zangu pia. Nilikuwa nafunga faili kila baada ya mtu mmoja, kwa sababu mwanzoni umeme ulikatika nikiwa sijafunga, na watu sita wa asubuhi ile hawakuonekana kwenye disketi. Unachoandika kinabaki kwanza kichwani mwa mashine, na usipofunga hakijafika popote. Watu wale sita niliwaandika tena siku hiyo hiyo kutoka kwenye karatasi. Na kila Alhamisi mchana nilinakili faili zima kwenye disketi ya pili. Nilijiona mtu makini sana.

Alhamisi moja asubuhi, kazi ya kuandika watu ikiwa imekwisha, aliingia Mzungu mmoja wa mamluki. Jina lake sikulijua, sisi tulimwita Kapteni Marashi, kwa kuwa ulimnusa ngazini kabla ya kumwona. Alikuwa ameoa hapa, amepewa jina la Kiislamu, na Ijumaa alikaa safu ya mbele msikitini huku askari wake wakimlindia buti nje. Watu wazima wenye ndevu nyeupe walimpisha. Nilikuwa nikiona hilo nageuza uso, na kila Ijumaa bado linanijia, hata leo. Aliingia na hizo buti mpaka kwenye zulia letu, akaweka glasi ya kinywaji aliyoingia nayo juu ya disketi zangu, akamwambia Bwana Mkuu kwamba baba mkwe wake na mashemeji wawili waongezwe kwenye orodha ya waliorudi kutoka Majunga. Watu hao watatu hawajawahi kufika hata kisiwa cha jirani, Mohéli.

Bwana Mkuu akacheka kile kicheko chake cha kukubali. "Bweni Sittina atafanya sasa hivi, Kapteni. Ni dakika moja."

Nikasema nahitaji nyumba ya mama.

"Andika tu," akasema Bwana Mkuu.

Yule Mzungu akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Sikuweza kuona kitu kwa yale marashi. Alikuwa akigonga mgongo wa kiti kwa kidole, *vite, madame, vite*, upesi, upesi, kana kwamba anaswaga punda. Nikashikwa na hasira, na ningependa iwe hasira ya kufaa kitu, lakini ilikuwa hasira ya mtu anayetii. Nikaita programu. Nikaita ile ya kuanzisha. Nikaandika majina matatu, nikafunga faili, na mashine ikaniandikia *Ok*, kama ilivyoandika kila siku. Kapteni akachukua glasi yake akaondoka. Nami nilipata nafuu kubwa, nikafungua madirisha, na mchana, mtu makini kama nilivyo, nikanakili faili kwenye disketi ya pili.

Umeshaelewa, sivyo? Nilichukua faili lililoharibika nikalibandika juu ya lililo zima kwa mikono yangu mwenyewe. Sikulisoma kwanza. Sikuhesabu mistari. Ingenichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Ukitaka kunakili, soma unachonakili. Na ukitaka kubadilisha faili, andika toleo jipya kwa jina jingine, lihesabu, ndipo ulipe jina la zamani. Nayajua hayo sasa. Yote niyajuayo kwa hakika katika kazi ile niliyajua baadaye.

Jumatatu Zalifa alikuja kuchukua cheti. Vilikuwa vimeanza kutolewa. Nikaandika programu ya kusoma: fungua, uliza kama umefika mwisho, kama bado soma mstari, linganisha jina, rudi kuuliza. Lazima uulize kila mara, maana ukisoma baada ya mwisho mashine inakukaripia na kusimama. Nikaiendesha. Ilifika mwisho kabla sijaondoa kidole. Nikadhani nimekosea, nikaiendesha tena. Nikaiambia ioneshe mistari yote. Ikaonesha mitatu: baba mkwe, shemeji, shemeji. Katika watu wote waliokimbia Majunga, waliobaki kwenye faili walikuwa ni hao.

Nilimwambia Zalifa angoje, nikaenda kabatini kutafuta karatasi za maelezo. Kabati lilikuwa na mifagio. Bwana Mkuu alikuwa ameziondoa wiki iliyotangulia. Akaniambia, bila aibu, kwamba zilikuwa zikijaza nafasi bure na sasa tuna mashine, kwa hiyo amemwambia mhudumu azipeleke sokoni. Nilikimbia sokoni, Anziza, na viatu vya ofisi. Nikakuta mwanamke wa sambusa ana rundo dogo limebaki, amekuwa akiwafungia wateja sambusa. Nikazinunua zilizobaki. Kurasa kumi na tatu, zina mafuta, na zote za watu wengine. Wale mama saba wa Zalifa walikuwa wameshaliwa na kutupwa baharini na mtu aliyekuwa na njaa asubuhi ile.

Nikarudi nikamwambia Bwana Mkuu kila kitu. Mpaka hapo, naapa, nilikuwa bado mtu. Nilimwambia tuwaite upya, tuwaandike tena, itatuchukua miezi lakini inawezekana. Mimi nakumbuka wengi. Akachukua jalada moja akajipepea nalo. Kisha akasema:

"Tuwaite tuwaambie nini? Kwamba serikali imewapoteza? Na Kapteni akisikia orodha imeanza upya, mashemeji zake watapita tena kwa mlango gani?"

Nikasema yule mwanamke anangoja pale nje.

"Basi mwambie hayumo. Mashine haikosei, Bweni. Kila mtu anajua mashine haikosei."

Nikatoka. Zalifa alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa shiromani yake nzuri, amejitengeneza kwa ajili ya cheti. Akasimama. Nikasema, "Mama, jina lako halimo."

"Lakini wewe ndiye uliyeniandika."

"Nimeangalia. Mashine haina jina lako."

Akanitazama. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningesema kweli, naamini hivyo, ingawa ni rahisi kuamini. Hakunitukana. Aliniuliza kama pengine alikosea jina la mama mmojawapo, na kama ndiyo maana mashine imemkataa. Akaanza kuyahesabu tena kwa vidole. Nami, Anziza, nilimwambia, "Pengine." Neno hilo moja limenikaa kooni miaka mitatu. Nilimfanya mwanamke yule aamini kwamba amewasahau mama zake.

Wengine walikuja baada yake, na nilipata ufundi wa kuwajibu. Wengine walifoka, wengine walileta wazee, wachache wenye ndugu serikalini wakaongezwa tena, kwa mlango sahihi safari hii. Viwanja vikagawiwa. Baba mkwe wa Kapteni alipata cha pembeni ya barabara. Mimi nikaomba uhamisho kurudi Mutsamudu, nikasema nyumbani kwamba hewa ya Moroni inanisumbua kifua. Wewe ulifurahi kuwa na mama yako kila siku. Tulikuwa tunapanda vichochoro kutoka sokoni, unaniuliza habari za kompyuta, nami nakueleza milango mitatu ya faili kwa sauti ya mwalimu. Ukaipenda kazi hii kwa sababu yangu. Kila uliposema "mama yangu anajua mashine", niliinama kutazama mawe.

Bwana Mkuu naye alipanda cheo. Sasa ndiye anayetia saini karatasi za wanafunzi wanaopelekwa nje, na anatia saini upya kila mwaka. Ulipofaulu nilikwenda kumwona. Unajua kwamba ulifaulu, sichezi na hilo, alama zako ni zako. Lakini waliofaulu walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Alifungua jalada lako, akalifunga, akasema, "Sisi wawili tunafahamiana, Bweni Sittina." Nikasema asante. Nikamwinamia, nikasema asante mara mbili.

Ningeweza kuishia hapo na kukufungia sanduku. Wiki mbili zilizopita, nilipokuja kushughulikia pasipoti yako, nilipanda teksi kwenda Itsandra kumsalimu mtu. Ikaharibika njiani. Nikashuka, na hatua chache mbele kulikuwa na mwanamke anakaanga mihogo chini ya bati. Nilimjua kabla hajageuka. Naye akanijua. Nilitaka nirudi kwenye teksi mbovu nijifungie.

"Kwezi, Bweni," akasema. Bado ananipa heshima hiyo.

Akanifungia mihogo, akakataa malipo. Akaniambia banda analokaa liko kwenye ardhi ya mtu, na mwenye ardhi anamtaka ahame mwezi huu. Kesi iko kwa kadhi. Kadhi amemwambia alete mtu yeyote wa ile ofisi athibitishe kwamba aliwahi kuandikwa, kwa kuwa walioandikwa wana haki ya kiwanja hata sasa. Amezunguka ofisi zote. Hakuna anayemkumbuka. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Mashine yenu haijaniona bado?"

Nikamwuliza kesi inasikilizwa lini. Akanitajia siku, na ni hiyo ya kesho. Nikamwambia nitakuja.

Kesho asubuhi tutapita pale tukienda uwanja wa ndege. Utakapokuwa unasoma mstari huu tutakuwa tumeshapita. Upande wa baharini, bati moja, moshi. Nadhani sitakuonesha. Nadhani nitajifanya natafuta tiketi mkobani mpaka teksi ipite, kwa hiyo kama ulishangaa kwa nini nimetafuta tiketi ambayo umeishika wewe, ndiyo sababu.

Ninakuambia haya kwa kuwa unakwenda kujifunza kazi ambayo kila mtu ataiamini. Mpiga taipu akikosea, watu wanasema mpiga taipu amekosea. Ukikosea wewe, watasema mashine imesema, nao watatazamana na kuanza kutafuta kosa lao wenyewe. Utapata wakubwa watakaolipenda jambo hilo sana. Wengi watanukia vizuri. Sijui nikufundishe nini juu yao. Mimi walinishinda, na hawakuninyooshea hata bunduki. Mmoja aligonga kiti changu kwa kidole.

Nayajua watakayosema nyumbani. Koko atasema nimeiaibisha nyumba. Binamu yangu atasema ningengoja umalize masomo, miaka minne si mingi. Nami nimelifikiria hilo, nisijifanye mtakatifu. Nimelifikiria kila siku kwa wiki mbili. Miaka minne, Zalifa atakuwa ameshafukuzwa, na mimi nitakuwa nimeshasema asante mara nne zaidi. Huenda Bwana Mkuu akaogopa kelele akakuacha. Huenda asitie saini mwakani, na wewe ukajikuta ugenini katikati ya masomo, au umerudishwa nyumbani na vitabu vyako. Sijui. Nina bangili zangu, na baba yako yuko Marseille na ana mikono. Hiyo siyo ahadi, ninakutajia tu kilichopo.

Nilichokikumbuka nimekiandika. Wiki hizi mbili, badala ya kukushonea, nilikuwa nikiandika majina ya watu wale, kila niliyeweza, pamoja na nyumba za mama zao. Ni machache kuliko nilivyodhani. Nimeyaandika kwa kalamu. Nitampa kadhi karatasi hizo na nitaapa kwa ajili ya Zalifa na wengine wote. Mama zake saba nimewakumbuka watano. Wawili itabidi anikumbushe yeye mbele ya watu, na hapo ndipo atakapojua kwamba hakuwahi kukosea.

Nakusikia mlangoni, unacheka na shangazi, kwa hiyo ninamalizia.

Kuna jambo moja nililotaka kulificha hata humu. Ungeweza kuniuliza, mama, kwa nini hukuniambia tukiwa Mutsamudu, tukaamua pamoja? Jambo hili ni langu na lako. Ningeweza kukukalisha chini siku yoyote ya wiki hizi mbili. Sikukukalisha. Niliogopa utaniambia ninyamaze, Anziza, na niliogopa zaidi kwamba nitakutii.

Mama yako,
Sittina